Kusukuma tutaelewana, kudandia bodaboda hapana

Swali lenu la wiki hii, kwamba ukishuka ukasukuma baiskeli mlimani unaruhusiwa kusema umefika kileleni kwa baiskeli, nimelisoma usiku usingizi ukakata. Mhariri utakata unapotaka, mi naandika yote.

Kwanza aliyeuliza nahisi hajawahi kufika Newala, huku kwetu Mtwara. Mlima wetu hauna hata hicho kilele, ukimaliza kupanda unakuta tambarare, nyumba, mikorosho, msikiti, vijana wanauza vocha. Ukitaka kujua umepanda nini uende ukingoni pale Shimo la Mungu, ndo utaona bonde lote hadi Ruvuma na Msumbiji kule ng'ambo. Sisi tunaishi juu, maji yako chini. Mchanga wa uwanda wa Makonde unakunywa mvua yote, maji yanaenda kutokea huko chini mwa mlima. Mradi wa maji wa Makonde upo toka miaka ya 1950, sawa, lakini bomba likikauka mtu anashusha baiskeli bondeni na madumu, kurudi anasukuma. Tena Foniksi, chuma tupu, gia hamna. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 hapo hujahesabu baiskeli yenyewe. Nani atakaa kwenye siti na mzigo huo? Halafu akifika juu jasho linamtoka hadi kwenye visigino umwambie hukuja kwa baiskeli. Alikuja na nini sasa?

Kwa hiyo jibu langu ni NDIYO, anayesukuma kapanda. Hata wale binamu wawili Waingereza, Nicholas na Richard Crane, waliofikisha baiskeli juu Kilimanjaro miaka ya 1980, kule juu kuna sehemu walikuwa wanazibeba tu, na hakuna aliyewaambia warudi wakaanze upya. Siku hizi Kilimanjaro kuna njia ya Kilema wanaruhusu baiskeli, nenda kaone kama kuna anayepanda mwanzo mwisho hajashuka.

Ila mhariri mlichotakiwa kuuliza sio kusukuma. Muulize habari ya KUDANDIA.

Nina shemeji yangu, kamuoa dada, anakaa Dar. Mwaka mmoja msimu wa korosho alikuja na baiskeli ya gia, breki za disiki mbele na nyuma, kofia ngumu, miwani, glavu zisizo na vidole, aisee kamili. Mi nilikuwa na yangu ya mtumba niliyonunua Masasi, gia za mbele moja ilikuwa haishiki lakini ile ndogo, ya mlima, ilikuwa nzima, na ndo ninayoitaka. Tukakubaliana tushuke bondeni asubuhi halafu tupande kabla jua halijawa kali. Kushuka sina cha kusema, alishuka vizuri tu, breki zile nazisifu mpaka leo, mi yangu rimu ilikuwa inawaka nikawa naachia breki kidogo nabana tena, ukiibana moja kwa moja utakuja kujuta.

Kupanda sasa. Kuna kona inakata kushoto, katikati mvua ilishachimba mtaro, pembeni mchanga mwekundu umejaa, na kile kipande kigumu kilichobaki hakizidi upana wa mkeka. Wenyeji wanaijua, sina haja ya kuielekeza. Pale hupiti kwa nguvu. Tairi unalipunguza upepo kidogo ili litanuke lisizame, unaweka gia nyepesi kabisa, unasogea mbele kwenye ncha ya siti, kifua unakilaza karibu na usukani ili mbele pasinyanyuke, halafu makalio HUYATOI kwenye siti. Ukisimama kwenye pedeli uzito unaondoka nyuma, tairi linazunguka bure. Nilimwambia shemeji haya yote tukiwa chini. Akaitikia sawa shem sawa shem. Kufika pale kasimama kwenye pedeli, tairi likazunguka mara mbili hivi, chali, kakaa kwenye mchanga na kofia yake.

Hakuumia. Akaanza kusukuma, na mi sikuwa na neno, si nimeshasema kusukuma ni halali. Mi nikaendelea polepole, yani polepole kweli, kuku angenipita, pumzi inatoka kwa masikioni.

Nikasikia bodaboda inakuja kutoka chini. Gia ya kwanza, inalia, kapakia gunia la korosho na viroba juu yake anapeleka ghalani kwa chama cha ushirika, vyote kafunga kwa mpira wa tyubu, mnajua ile tyubu inayokatwa vipande virefu. Ikampita shemeji taratibu. Ikanipita mi. Nilichokiona kwanza sio shemeji, ni ule mpira, umevutika umekuwa mwembamba kwelikweli, ncha yake moja iko kwenye keria ya bodaboda, nyingine kaishika shemeji kwa mkono wa kulia, kushoto kashika usukani, kakaa kwenye siti vizuri, miguu haizunguki hata! Akasema, "Shem, twende!" Vumbi lote likaniingia mdomoni.

Pale juu ya kona kulikuwa na mama anauza ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha chini ya mkorosho. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Baba, mwenzio kapata lifti, wewe yako iko wapi?" Nikamwambia inakuja. Sikuweka mguu chini, lakini.

Nilipofika Shimo la Mungu namkuta shemeji ameshamaliza soda, kainyanyua baiskeli juu ya kichwa anapigwa picha na mtoto wa watu, bonde nyuma yake limependeza kweli. Jioni picha iko kwenye grupu la familia, "Mlima wa Newala nimeumaliza". Dada kaweka makopakopa, mama kaweka dua. Mi nikaweka dole gumba, ningefanyaje, mtu kamuoa dada yako huwezi kumwita muongo mbele ya ukoo mzima.

Sasa hapa ndo nakwama mhariri. Nimeanza nasema kusukuma sawa tu, lakini kama ni sawa tu mbona ile kona naikumbuka jiwe kwa jiwe, na sehemu nyingine siku ile nilizosukuma, zilikuwepo, hata sizikumbuki? Mbona nataka nyie mjue sikuweka mguu chini? Kiukweli naona mtu mwenye baiskeli tupu, gia 21, katoka nyumbani kwa starehe zake, akisukuma amefika na baiskeli, na mandhari atayaona yaleyale, ila asije akatamba. Isipokuwa masika. Au mnyororo umekatika. Au mzee. Na lami ya Mnivata kwenda Newala hadi Masasi ikikamilika, atakayesukuma kwenye lami huyo hana utetezi, labda awe na mzigo.

Wa madumu muwatoe kwenye swali kabisa, wao hawashindani na mtu.

Basi kwenye hesabu yenu ya ndiyo na hapana niwekeni HAPANA, najua nimeanza na ndiyo. Shemeji yeye hata hapana asipewe. Na jina langu msilitoe, dada anasoma.