Farasi anayegoma getini wakati wa baridi: anzia bandani

Dada mmoja msomaji wetu aliyeko Yorkshire, mgeni kabisa katika kupanda farasi, ameandika kwamba farasi anayepewa hutoka vizuri bandani, lakini akifika getini anagoma. Hasogei hata hatua. Ameshauriwa ampige mateke zaidi. Ushauri huo husikika kila majira ya baridi yanapoingia Uingereza, na anayeutoa si yeye atakayeanguka.

Dada, kabla ya kumwita mkaidi, tazama anavyoishi mwezi Januari. Malisho yamegeuka tope, kwa hiyo anafungiwa bandani hata saa 20 kwa siku, na bado anapewa nafaka ileile ya kiangazi. Nguvu hiyo itatokea wapi kama si getini? Siku asiyofanya kazi apunguziwe nafaka, aongezewe nyasi kavu. Farasi wa kilo 500 anahitaji kama kilo 7.5 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku, na zikichachuka katika utumbo mkubwa ndizo zinazompa joto. Asubuhi ya safari aachiwe kwanza uwanjani anyooshe viungo.

Kisha tafuta maumivu. Tandiko lililomkaa sawasawa Agosti linaweza kumbana Januari, kwa sababu mwili umebadilika na manyoya yamekuwa mazito. Pitisha kiganja mgongoni kwa kukandamiza kidogo. Akinywea, au akilaza masikio na kutaka kuuma unapokaza mkanda wa tumbo, usipande. Aitwe daktari wa mifugo, na meno yaangaliwe pia. Lijamu nalo, kile chuma cha kinywani, lishike viganjani mpaka baridi yake iishe. Chuma cha barafu kikiingia kinywani atarusha kichwa juu, na mgeni atasema ni ubishi.

Viatu vyako vipimwe upya. Buti nene za baridi hunasa kwenye vikuku, zile pete za kukanyagia zinazoning'inia kwenye tandiko, na mguu ulionasa ndio unaoburuta mtu. Pande zote mbili za buti ibaki nafasi ya kama sentimita moja. Mfunge farasi kamba shingoni, uishike hiyo ukiyumba badala ya kuning'inia kwenye hatamu. Mkanda wa tumbo ukaze kabla ya kupanda, kisha tena baada ya dakika 10, maana farasi wengi huvimbisha tumbo unapofungwa.

Sasa getini. Safari za mwanzo usitoke peke yako. Farasi mtulivu atangulie, wako afuate nyuma kwa umbali wa urefu wa farasi mmoja. Akizoea, waende sambamba, na mwisho kabisa wako ndiye aongoze. Akigoma, tazama mbele unakotaka kwenda, si masikio yake. Bana mara moja kwa mashavu ya miguu, ngoja, bana tena kwa nguvu kidogo zaidi. Akiinua mguu mmoja tu, achia papo hapo. Kule kuachia ndiko kunakomfundisha. Anayepigwa mateke mfululizo huku hatamu zimevutwa anaambiwa nenda na simama kwa wakati mmoja, naye huchagua kusimama. Akibaki kama kisiki, peleka hatamu moja pembeni umgeuze nusu duara, miguu isogee, kisha mwelekeze tena njiani. Usirudi bandani wakati amegoma. Pata hata hatua tatu za kwenda mbele, ndipo urudi kwa hiari yako.

Akiinuka kwa miguu ya nyuma, inama mbele, legeza hatamu, shika shingo. Ukivuta, unaweza kumwangusha juu yako.

Na kushuka si aibu. Kuna mabingwa wa maneno wanaosema ukishuka farasi ameshinda. Waache waseme. Toa miguu yote miwili kwenye vikuku, shuka, mwongoze mpaka mahali pa hatari papite. Barabarani farasi unayemwongoza awe kushoto kwako, wewe uwe kati yake na magari.

Barabara zenyewe zina kanuni. Tangu 2022 mwongozo wa barabara wa Uingereza unawataka madereva wampite farasi kwa mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, na nafasi ya angalau mita 2. Usidhani wote wanajua. Vaa koti la rangi kali, kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, na farasi avikwe mikanda inayoakisi mwanga juu ya vifundo vya miguu. Katikati ya Desemba huko Yorkshire jua huzama kabla ya saa kumi jioni, basi toka saa tano asubuhi, barafu ikishayeyuka. Lami iking'aa, ahirisha. Njia ya farasi ina mshale wa buluu. Wa njano ni wa waenda kwa miguu tu.

Theluji hujikusanya ndani ya kwato zenye viatu vya chuma mpaka farasi anatembea juu ya mabonge. Safisha nyayo, zikaushe, paka Vaselini nene, na beba chuma cha kuchokolea mfukoni. Ardhi iliyoganda ni ya kutembea tu. Mwendo wa matiti, yaani mbio ndogo, na shoti, yaani mbio kali, humtetemesha viungo. Dakika 10 hadi 15 za kwanza ni za kutembea hata siku njema.

Kilomita ya mwisho pia mtembeze, arudi amepoa. Akiwa na jasho, mfunike blanketi linalopitisha unyevu, si lile zito la usiku, mpaka akauke. Mpe maji ya uvuguvugu: ya barafu wengi huyaonja tu, na farasi asiyekunywa huku anakula nyasi kavu yuko karibu na msokoto wa tumbo.