Dawa tatu za presha na bado haishuki

Nilikuwa nameza dawa tatu za presha na chumvi nimepunguza, lakini kila asubuhi kipimo kilikuwa juu vilevile. Siku moja daktari akaniuliza kama nakoroma. Nikacheka. Mke wangu, tuliyeandamana naye, hakucheka. "Kukoroma nimezoea," akasema. "Ninachoogopa ni akinyamaza."

Usiku ule alinirekodi kwa simu. Nakoroma, kimya cha sekunde ishirini na kitu, kisha nashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Mimi mwenyewe sikukumbuka lolote.

Kwenye kipimo cha usingizi, pumzi ikikatika kwa sekunde 10 huhesabiwa, na zikifika mara 30 kwa saa tatizo ni kali. Mimi nilipata 41. Koo hulegea na kuziba, oksijeni inashuka, mwili unamwaga adrenalini na presha inaruka. Mtu mzima mwenye afya presha yake hushuka asilimia 10 hadi 20 akilala. Moyo wangu ulikuwa unakesha. Ndiyo maana kukata pumzi usingizini huandamana na presha sugu, mapigo ya moyo yaliyovurugika na kiharusi.

Dalili niliyoipuuza zaidi ni kuamka kukojoa mara tatu, nne. Nilidhani tezi dume! Kumbe kifua kikivuta hewa na koo limeziba, moyo hutanuka na kutoa homoni inayozihimiza figo kutoa mkojo.

Nilipewa mashine ya kusukuma hewa puani kwa barakoa. Wiki za kwanza niliichukia, nikawa naivua usiku wa manane. Usifanye hivyo: usingizi wa ndoto, ambao koo hulegea zaidi, huja kwa wingi kuelekea alfajiri. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 haukuona mashine ikipunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi, ila washiriki waliivaa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Sijui kwako, mimi naivaa mpaka kuche, na uchovu wa mchana umeniisha. Pombe ya jioni nimeacha, maana hulegeza koo. Nalala ubavu.

Dawa zangu sasa ni mbili. Aliyepunguza ni daktari, si mimi. Unayelala peke yako, acha simu irekodi usiku mzima, kisha uende nayo kliniki. Hata watu wembamba hukata pumzi usingizini.