Asifiche, aandike kwenye fomu

Dada, umeuliza kama mdogo wako hapo Kampala, anayetumia kiti cha magurudumu, afiche ulemavu anapoomba chuo Uingereza. Asifiche. Sheria yao ya Usawa ya 2010 inakilazimu chuo kumfanyia marekebisho yanayofaa, mathalani kuhamishia somo kwenye darasa lisilo na ngazi. Ila ile posho ya serikali ya wanafunzi wenye ulemavu, mwenye viza ya mwanafunzi hapewi, kwa hiyo aulize mapema msaidizi atalipwa na nani.

Aombe pia picha za bafu lenyewe na upana wa mlango kwa sentimita. "Tunakaribisha wote" haipitishi kiti mlangoni! Barua ya daktari aiandae sasa, kwa Kiingereza. Mara nyingi wataiomba.