Goti limefura: usimwage ule ute

Goti likilia "ta!" kwenye mchanga wa Bamburi na kufura kabla ya magharibi, mara nyingi ligamenti ya ACL, kamba inayoshikilia goti kwa ndani, imekatika na damu imejaa kiungoni. Eksirei itasema mifupa ni mizima. Ni kweli, lakini gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kiungoni, halionekani kwenye eksirei, na hata MRI ya kawaida yaweza kulipita wiki za mwanzo ilhali ubomoaji umeshaanza.

Kinachobomoka kwanza ni agrekani, protini inayoshika maji ya gegedu. Vimeng'enya ADAMTS-4 na ADAMTS-5 huikata, na vipande viitwavyo ARGS huelea kwenye ute wa goti, yale majimaji ya ndani ya kiungo. Kisha kimeng'enya kingine, MMP-13, hugeukia kolajeni aina ya 2, nyuzi zinazolipa gegedu nguvu, ambayo mabaki yake, CTX-II, hutoka na mkojo. Hapo ndipo pa kuogopa: agrekani mwili huweza kuirudisha, kolajeni hiyo ikishakwenda hairudi kwa urahisi.

Mabaki haya hupimwa kwenye damu, mkojo na ute wa goti, na vipimo hivi huharibikia mikononi mwetu zaidi kuliko kwenye mashine. Tuanze na damu. COMP, protini nyingine ya gegedu, hupanda mtu akitembea nusu saa tu. Mgonjwa aliyeshuka feri ya Likoni akapanda ule mlima kwa miguu, ukimtoa damu papo hapo unapima safari yake. Aketi nusu saa, heri saa nzima, na kila mara atolewe saa ileile. Damu ya chupa nyekundu iachwe igande dakika 30, izungushwe kwenye sentrifuji, seramu igawanywe mililita 0.5 kwa kila kichupa, kisha igandishwe kwenye friza ya nyuzi -80 za Selsiasi. Ugawanye siku hiyohiyo, kwa sababu sampuli iliyoyeyuka na kugandishwa tena na tena haiaminiki. Friza ya dukani inayojiyeyushia barafu hupanda joto kila inapofanya hivyo. Ya samaki hiyo. Umeme ukikatika, friza isifunguliwe, na saa iandikwe.

Mkojo ni wa pili wa asubuhi, si ule wa kuamkia. CTX-II huwa juu asubuhi na kushuka mchana, kwa hivyo sampuli ya saa mbili asubuhi hailinganishwi na ya alasiri. Jibu ligawanywe kwa krietinini, taka ya misuli inayoonyesha uzito wa mkojo, ya mkojo uleule. Kwa jasho la Mombasa, na zaidi mwezi wa Ramadhani, mkojo huwa mzito. Bila krietinini utadhani gegedu linateketea kumbe mtu ana kiu.

Ute wa goti ndio tajiri kuliko vyote, nao ndio humwagwa. Goti likifyonzwa kupunguza maumivu, hifadhi mililita chache, zungusha mapema kuondoa chembe za damu, uandike rangi yake na siku ngapi zimepita tangu ajali. Siku ya 2 na siku ya 20 ni dunia mbili. Ute hunata, pipeti huvuta pungufu. Tia kwanza hayaluronidezi, kimeng'enya cha kuulegeza. Kama ulisukuma maji ya chumvi ndani ndipo ukafyonza, pima yurea ya ute na ya damu ya siku hiyo, ujue ulichanganya kiasi gani.

Kwenye bamba la ELISA, kipimo cha maabara kinachonasa protini hizi kwa kingamwili, sampuli zote za mtu mmoja zikae bamba moja, kila moja vishimo viwili. Vikitofautiana zaidi ya asilimia 15, rudia.

Kijana wa shule wa miaka 15 ana CTX-II ya juu kwa kuwa mifupa bado inakua, basi usimtishe mamake. Goti la pili, lisiloumia, nalo si la kulinganishia, maana huathirika pia. Na hakuna namba iliyokubaliwa ya kumwambia mtu mmoja "gegedu lako limeharibika". Anayemuuzia mchezaji kipimo hiki kwa ahadi hiyo anamlia pesa. Faida yake iko kwenye kulinganisha makundi, na kumfuatilia mtu kwa yeye mwenyewe: wiki ya kwanza, wiki ya 6, mwezi wa 3, wa 6.

Upasuaji nao huchafua upya kiungo na viashiria hivi hupanda tena. Chukua sampuli kabla ya kisu. Ya baada haiwezi kushika nafasi yake.