Mtangazaji akisema aliyepigwa "alijitakia", sheria inasemaje?

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Nakuru. Mtangazaji wa redio alisema hewani kwamba mwanamke aliyepigwa na mumewe "alijitakia". Tulipomlalamikia alitujibu kwamba Katiba inamlinda. Je, ni kweli?

JIBU: Akina mama, kinga anayoitaja ni uhuru wa kujieleza, uliomo katika Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010, ila ameisoma nusu. Ibara hiyohiyo, katika kifungu cha pili, inaondoa ulinzi kwa uchochezi wa ghasia na kwa uchochezi wa kudhuru watu, pamoja na chuki inayotokana na misingi ya ubaguzi iliyotajwa katika Ibara ya 27(4), ambayo jinsia ni mmojawapo.

Hata hivyo, nisingewashauri mwanzie hapo, kwa sababu kuthibitisha uchochezi ni kazi ngumu, na si kila neno la kuumiza linafikia kiwango hicho. Nguvu yenu iko kwenye leseni. Kituo kinatangaza kwa masharti ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kinapoyavunja huadhibiwa bila kungoja kesi ya jinai. Mwaka 2021 watangazaji wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio walimgeuzia lawama msichana aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya 12 jijini Nairobi, huku yeye bado akiuguza majeraha. Mamlaka ilikisimamisha kipindi hicho kwa miezi sita na kukitoza kituo faini ya shilingi milioni moja.

Kiandikieni kituo kwanza, maana sheria inakitaka kiwe na utaratibu wa kupokea malalamiko; msiporidhika, nendeni kwa Mamlaka. Kama mnataka mwanahabari mwenyewe awajibishwe kimaadili, mlango wake ni Tume ya Malalamiko iliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013. Barua isiseme tu kwamba "alitutukana". Iseme kwamba tarehe fulani, saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika kipindi fulani, alitamka maneno haya, kisha yanukuuni neno kwa neno na kuambatisha sauti iliyorekodiwa ikiwa mnayo. Kitakeni kituo kiombe radhi hewani saa ileile ya kipindi kile, ili waliosikia lawama wasikie na masahihisho, na watangazaji wafunzwe jinsi ya kuripoti ukatili dhidi ya wanawake. Jina la mama aliyepigwa msiliandike bila ridhaa yake.