Hata ukiwa kwenye mto unaotiririka

Mmeuliza wiki hii kama imani zetu zinatufunza lolote kuhusu kutunza mazingira. Mimi ni Mwislamu wa Ujiji, kazi yangu ni kuanika dagaa Katonga, na jibu langu nalitoa kwenye udhu.

Ipo hadithi iliyopokewa na Ibn Majah. Mtume (S.A.W.) alimpitia sahaba wake Saad akitawadha, akamkanya asifanye israfu, yaani ubadhirifu. Saad akauliza, kwani kwenye udhu nako kuna israfu? Akajibiwa: ndiyo, hata ukiwa kwenye mto unaotiririka.

Hadithi hiyo inatuhusu hasa sisi watu wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu ziwa letu linadanganya macho. Kina chake kinafika mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal tu. Ukilitazama utasema riziki hii haiishi. Kumbe hewa wanayoitegemea samaki iko juu juu tu, kwa huku kwetu kaskazini kiasi cha mita mia moja hivi. Chini ya hapo ni maji matupu. Dagaa na migebuka wote, wetu na wa Burundi, Kongo na Zambia, wamo kwenye tabaka hilo jembamba.

Ndiyo maana kokoro, ule wavu wa kuburuta, linaniuma. Linazoa mpaka vifaranga vya samaki, na sisi waanikaji ndio tunaoviona: vikishakauka vinapenya matundu ya chanja tunazoanikia, vinaanguka mchangani, kuku wanadonoa. Kiumbe wa Mungu katolewa majini na hakuna aliyeshiba. Kama hiyo si israfu, israfu ni ipi?

Mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, manung'uniko yalikuwa mengi, na njaa ilikuwa ya kweli, sibishi. Lakini kulipumzisha ziwa si jambo geni kwetu. Kila mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapandishwa, watu wanashona nyavu, na hakuna anayesema kadhulumiwa.

Kwa masheikh wetu nina ombi. Khutba ya Ijumaa ilitaje kokoro kama inavyoitaja mizani ya kupunja. Na ziwa likifungwa tena, zaka za wenye maduka mjini zianzie mwaloni, kwa akina mama ambao chanja zao hazina kitu.