Zamu ya usiku uani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu alikuwa anasoma Khartoum vita vilipoanza, Aprili 2023. Alirudi na begi moja tu, akaanza upya mwaka wa kwanza hapa Dodoma. Sasa hafungui daftari. Analala mchana kutwa, usiku anazunguka uani na simu. Baba yake anasema ni uvivu. Mimi nahofia sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Mama, Ipagala.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hayo ya uani umeyataja kama jambo dogo, mimi naanzia hapohapo. Huyo si mvivu, yuko zamu. Mwili wake bado unalinda. Upepo wetu ukigonga bati usiku, mtazame: anashtuka? Anapenda kukaa karibu na mlango?

Hofu imekula usingizi. Mimi nikikesha siku mbili nasahau hata chumvi kwenye mlenda, sembuse mtu wa kukariri mihadhara. Akifeli jaribio anajiona hafai, anakazana, anachoka zaidi, mwisho anaacha. Lakini uchovu na sonona ni vitu viwili. Shirika la Afya Duniani haliuhesabu uchovu wa kazi kuwa ugonjwa. Sonona ni ugonjwa. Aliyechoka tu, likizo humrudisha. Mwenye sonona huenda nayo likizo. Mpira anaangalia? Simba na Yanga zikicheza naye kajifunika shuka, na hali hiyo ikipita wiki 2 karibu kila siku, mpeleke hospitali.

Huko wanaweza kumpa dodoso la maswali 9, alama 0 hadi 27. Swali la mwisho ni kama amewaza kufa au kujidhuru. Usingoje daktari, muulize mwenyewe leo, kwa maneno hayohayo. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, na muende siku hiyohiyo.

Ndiyo, nasema hata Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili. Tuliokulia hapa tulitishiwa jina hilo tukiwa watoto, ndiyo maana watu wanakuja wamechelewa. Wengi huonwa na daktari wakarudi kula chakula cha jioni nyumbani.

Simu usimnyang'anye. Ameacha wenzake Sudan, na vita havikuisha yeye alipopanda ndege. Muulize anangoja ujumbe wa nani.

Na baba yake aamke saa nane usiku, achukue kigoda, akae naye uani. Matokeo ya mtihani asiyaulize.